Mpangaji Kichwani

Kila asubuhi dobi alipasi gauni la mkewe kabla hajagusa nguo ya mteja yeyote. Mkewe, mwalimu wa darasa la tatu, alisimama nyuma yake amejifunga shuka, akinywa chai na kumharakisha.

"Mkono wa kushoto bado una mikunjo."

"Mwalimu, wewe kasahihishe madaftari. Pasi niachie mimi."

Siku hiyo pasi ilifika kwenye mkono wa gauni ikatulia. Harufu ya kuungua ikapanda.

"Unaniunguzia nguo jamani!" mkewe akasema, kisha akaona mkono wa mumewe unarukaruka wenyewe na mdomo umekwenda upande. Aliisukuma pasi kando, akamdaka kabla hajafika sakafuni.

Katika hospitali ya kwanza walimpiga picha ya kichwa. Daktari aliitazama kwa muda mrefu, akasema kuna uvimbe kwenye ubongo, na huenda ni saratani. Wangepata nafasi kwa mtaalamu wa hospitali kubwa baada ya wiki mbili.

Nyumbani neno lile halikutamkwa. Waliokuja kumjulia hali walisema "ule ugonjwa". Wengine walishusha sauti na kusema "mdudu", kama watu wanavyosema siku zote wakiogopa kutaja jina lenyewe. Dobi hakulalamika hata mara moja. Alimaliza nguo za wateja, akazikunja, akazirudisha kwa wenyewe. Jioni moja yeye na mkewe walikuwa wakikunja shuka, kila mmoja ameshika pembe mbili, aliposema:

"Nikiondoka, uolewe."

Mwalimu alidhani ni utani. "Na nani?"

"Fundi Uzi."

Huyo alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya tatu, aliyefiwa na mke, mwembamba hadi akapewa jina hilo.

"Hana makuu," dobi akaendelea. "Hanywi. Na suruali zake anapasi mwenyewe."

Walikutana katikati, pembe kwa pembe. Mwalimu akalichukua shuka, akaenda nalo jikoni, akalia humo ndani. Kilichomuuma ni ile sauti tulivu. Mumewe alikuwa akimtoa kama anayemkabidhi mteja furushi lake.

Mtaalamu wa hospitali kubwa alikuwa mwanamke kijana mwenye kalamu sikioni. Alilinganisha picha mpya na ile ya kwanza, akatabasamu.

"Mzee, huyu ni mdudu."

Mwalimu akafunika uso kwa viganja. Hata lile tabasamu aliliona la huruma.

"Tumejiandaa, daktari," dobi akasema. "Nimebakiza muda gani?"

"Muda wa nini?"

"Si umesema mdudu?"

"Nimesema mdudu. Mdudu, mzee! Njooni muone." Akawageuzia skrini. Ndani ya kifuko kidogo cheusi kulikuwa na kidoa cheupe. "Hiki ndicho kichwa chake. Ni mtoto wa tegu, yule mnyoo mrefu wa tumboni, wa nyama ya nguruwe. Saratani hapa hakuna."

"Mnyoo?" Dobi aliudhika kabla hajafurahi. "Mimi nguruwe sijawahi kula tangu nizaliwe!"

"Wala huhitaji kumla. Mtu mwenye tegu akitoka chooni asinawe, akashika chakula chako, umeshameza mayai yake. Moja ndilo limepanda huko juu."

Akawaeleza dawa: za kumuua huyo mnyoo, za kutuliza uvimbe, na za kuzuia kifafa. Kichwa hakingefunguliwa.

"Kwa hiyo nina mpangaji kichwani," dobi akasema.

"Na leo tumempa notisi."

Walikaa kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa. Dobi hakufunga mdomo. "Miaka yote unaniuliza kichwani mwangu kuna nini. Haya, umejibiwa."

Mkewe hakucheka.

"Mwalimu. Umenuna?"

"Nawaza nitamwambiaje Fundi Uzi asubiri."

Dobi akaikunja karatasi ya namba yao pembe kwa pembe.

"Ulimpigia debe vizuri sana. Hana makuu, hanywi."

"Sikutaka ubaki peke yako."

"Ndivyo ulivyotaka, niolewe naye?"

"Ndivyo inavyompasa mtu kusema."

"Sikukuuliza inavyopasa."

Dirishani wakaita namba yao. Hakuna aliyeinuka.

"Nilitaka ukatae," dobi akasema. "Ulipochukua shuka ukaondoka, nikajua umekubali."

"Nilikwenda kulia, wewe!"

"Mimi nitajuaje? Ulifunga mlango."

Namba yao ikaitwa tena. Dobi alishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

"Sitaki uolewe na Uzi," akasema, na sauti ikampanda hadi mama aliyekaa mbele yao akageuka. "Wala na mwingine. Hata ningekufa, nisingetaka. Nilitaka kubaki na wewe, basi. Siku ile nilikuwa nataka kusema hivyo."