Maji Yana Dawa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa, mara tu baada ya chai, pale binti wa fundi viatu alipoyatia maganda ya ndizi ya wiki nzima kwenye sufuria ya marehemu mama yake, akafunika, akayachoma mpaka yakawa mkaa. Jirani akachungulia uani.

"Fundi, umefuga nyani?"

"Muulize msomi wangu."

Msomi mwenyewe, msaidizi wa maabara chuoni, aliutwanga ule mkaa, akaujaza kwenye ndoo yenye matundu, akachujia maji ya mto. Alhamisi akarudi na karatasi ya vipimo.

"Baba, maji tunayokunywa yana dawa. Mkaa wa maganda umezinasa karibu zote."

"Kuwa na dawa ni ubaya? Si ndivyo wanavyotutangazia kila siku?"

"Ile ni ya kuua vijidudu. Mimi nasema vidonge. Hata ile ya presha aliyoandikiwa mama imo."

Fundi akaweka chini kiatu cha watu. Miezi minane mkewe alipanga foleni kwenye dirisha la dawa hospitalini, na miezi minane akaambiwa zimekwisha, njoo wiki ijayo. Mwishowe wiki ijayo ilifika, yeye hayupo.

Kesho yake akabeba ndoo na ile karatasi mpaka ofisi ya maji. Wakubwa walikuwa kikaoni, kama kawaida yao. Akasubiri mpaka sahani za vitafunio zilipotolewa. Alitaka jambo moja tu: mwenye cheo amwambie dawa ya mkewe ilifikaje mtoni.

"Ondoa shaka, mzee wangu," meneja akasema, karatasi hajaigusa. "Maji yetu yana dawa."

"Hilo ndilo lililonileta."

"Tena ya kutosha."

"Mpaka ya presha?"

Meneja akacheka, akasoma, akaacha kucheka. Akajikuna shingo.

"Unajua, mzee, mtu akimeza kidonge, sehemu ya dawa hutoka na haja ndogo. Inapita mfereji wa hospitali, inaingia mtoni. Mitambo yetu haiwezi kuizuia."

"Maganda ya ndizi yameweza."

Meneja akakohoa. Fundi akaitua ndoo mezani. Ikaanza kuvujia mafaili, na hakuna aliyethubutu kuisogeza.

"Kwa hiyo hizi zilikojolewa."

"Kwa lugha nyepesi, ndiyo."

"Mke wangu hakupewa hata kimoja. Foleni nzima iliambiwa zimekwisha. Sasa, bwana meneja, nani alikuwa anazikojoa?"