Rejeta ya Oili ya Daktari

Kaka yangu hajawahi kunifungia ndani kwa ufunguo. Niseme hilo mapema, maana watu wakisikia nilivyoondoka wanadhani nilikuwa nimefungwa kamba. Kamba haikuwepo. Kulikuwa na chumba kimoja nyuma ya gereji yake, dirisha linatazama ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa. Kulikuwa na simu ya gereji ambayo akipokea yeye ndiye anayeamua kama nipo au sipo. Na kulikuwa na neno lake moja, "nimekulea", ambalo lilitosha kunikalisha chini kila nikiinuka.

Na kweli amenilea, siwezi kumsingizia. Wazazi walipofariki nilikuwa na miaka tisa, yeye ishirini na mbili. Akaacha chuo, akashika spana, akanisomesha. Angekuwa mtu mbaya ningeshaondoka zamani nikiimba. Sasa nina thelathini na nne, wateja wananiita Fundi Dada, na kila aliyewahi kuja kuniposa kaka alimchunguza kama gari la mtumba mpaka mwenyewe akakata tamaa. Mke wake alishamkimbia. Tulikuwa tumebaki wawili, mimi na yeye, na harufu ya oili kwenye mapazia.

Ndipo akaja Daktari.

Ni daktari wa meno, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole ukimwona amesimama. Mkalishe kwenye lile gari lake la michezo uone. Gari lina viti viwili, liko chini mpaka ukishuka unahisi unaamka kutoka sakafuni. Mwisho wa wiki anashindana na wenzake kwenye barabara za milimani, na shida yake ilikuwa moja: akipanda mlima kwa kasi, oili ya injini inachemka. Akanunua rejeta ndogo ya oili, kitu ambacho gari halikuzaliwa nacho. Oili inatoka kwenye injini, inapita kwenye hozi mpaka kwenye hiyo rejeta mbele kabisa nyuma ya bampa, inapigwa upepo, inarudi imepoa. Mlango wake wa kutokea na kurudia ni sahani nene ya chuma inayokaa katikati ya injini na filta, imeshikwa na bolti moja kubwa.

Daktari alinivuta pembeni. "Fundi, timu yetu inaondoka Jumamosi, tunazunguka kwa mashindano miezi minane, kliniki nimeshaikabidhi. Fundi wetu ameacha kazi. Hii nifungie wewe, mikono yako peke yako. Alhamisi tunaipeleka mlimani. Ikishika, nafasi ni yako."

Jamani, nilihisi moyo umeruka. Miezi minane! Nilikuwa sijawahi kulala nje ya kile chumba hata siku nane.

Kumwambia kaka nilimwambia, sikufichaficha. Alikuwa anakunja matambara. Aliendelea kuyakunja. "Bado hujaiva," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumatano nikaanza kazi asubuhi. Nilitoa bampa, nikachonga breketi mbili za kuishikilia, nikaikalisha rejeta ikakaa sawasawa, nikapitisha hozi mbali na feni na mbali na ekzosi, lile bomba la moshi. Kazi nzuri, nasema mwenyewe. Ila mdomo mmoja wa hozi ulikataa, uzi wake wa kufungia haukulingana, nikalazimika kwenda dukani kuubadilisha. Kurudi, nakuta miguu ya kaka imetokeza chini ya gari.

"Nimekusaidia," akasema huku akijivuta nje na filta ya zamani mkononi. "Oili nimeshamwaga, filta nimeshafungua."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. "Kaka! Nani kakuomba? Si nimekwambia hii kazi ni yangu peke yangu?"

"Filta tu, wewe! Kwani nimekuibia mume?" Akacheka, akaitupa ile filta kwenye pipa la taka, akaenda zake.

Nikaingia chini kwa hasira zangu. Nalijua kosa langu, sihitaji kuambiwa. Pale mahali pa filta huoni kitu, unapapasa tu, na mtu mwenye hasira hapapasi vizuri. Niliikalisha sahani, nikaikaza bolti ya katikati kwa soketi kubwa tuliyoazima kwa ajili hiyo tu, nikafunga filta mpya na hozi, nikajaza oili.

Alhamisi Daktari akaja. Tukawasha gari uani, nikalala chini na tochi, pakavu kabisa. Kaka alisimama mbele, mikono kiunoni.

"Kanyaga mafuta," akamwambia Daktari. Daktari akakanyaga. "Kanyaga tena." Injini ikalia mpaka mabati yakatetemeka. Hakuna tone. Kaka akainama mwenyewe kuangalia, akainuka, akainama tena. Nikasema moyoni, leo umekosa cha kusema.

Pale kwetu kuna utaratibu: aliyefunga ndiye anayepanda gari likienda kujaribiwa. Mteja akimwona fundi amekaa pembeni yake anajua hakuna usanii. Nikafungua mlango, kaka akanishika mkono.

"Leo nipande mimi. Wewe baki."

"Uende wewe ili uje useme kazi ni yako?"

"Nisikilize, mdogo wangu..."

"Sikusikilizi! Niache!" Nikajitupa kwenye kiti.

Kiti cha gari lile si kiti, ni ganda. Kinakubana mbavu, kinakubana mapaja, halafu juu yake unafungwa mikanda minne inayokutana tumboni, na ukishafungwa huwezi hata kuinama kujikuna goti. Kupitia dirishani nilimwona kaka akisema kitu. "Msiende mbali," nadhani ndicho alichosema. Tukaondoka.

Kilomita za mwanzo zilikuwa raha tupu. Daktari alikuwa anacheka peke yake. Geji ya joto la oili, ambayo zamani ilikuwa inapanda kabla ya kona ya kwanza ya mlima, ilitulia. "Fundi, umeniponya!" akapaza sauti. Nami nikaanza kupanga nguo kichwani: nitachukua begi lipi, viatu vipi.

Kona ya nne nikasikia harufu.

Ni oili inayogusa chuma cha moto. Ukiijua huwezi kuikosea. Nikatazama geji ya presha ya oili, sindano ikawa inatetemeka, inashuka kidogo, inarudi. Ndipo ile filta ya zamani ikanijia mbele ya macho, ilivyokuwa imelala kwenye pipa, uso juu. Uso wake ulikuwa mtupu. Ile raba ya duara inayokaa pale mdomoni haikuwepo. Na kama haikuwa kwenye filta, ilikuwa imebaki juu, imeganda kwenye injini, na mimi nimeweka sahani na raba yake mpya juu ya ile ya zamani. Raba mbili hazishiki. Zinakudanganya kwa muda, halafu presha inazisukuma pembeni, oili yote inamwagika kwa dakika chache juu ya ekzosi iliyowaka moto. Hapo ama injini inakufa, ama mnawaka nayo.

Ilinipasa kupiga kelele palepale. Sikupiga. Nilinyamaza kona tatu. Nasema ukweli, sikunyamaza kwa woga wa moto. Nilinyamaza kwa sababu nikifungua mdomo, Jumamosi itafika na mimi nitakuwa bado naangalia ukuta wa jirani. Nilijiambia labda itashika, labda ni oili iliyomwagika wakati wa kujaza. Mikanda ilinikaba kifuani, nikashindwa hata kuvuta pumzi ya kutosha. Kona ya tano. Ya sita. Daktari akabadilisha gia, gari likaunguruma, sindano ikaanguka na safari hii haikurudi yote.

"Simama!" nikapiga kelele. "Zima injini! Zima sasa hivi!"

Alikuwa mtu mwepesi, nampa sifa yake. Akazima, gari likaserereka mpaka pembeni baada ya kona ya saba. Nilihangaika na ile mikanda kama kuku aliyenaswa, mpaka yeye akaja kunifungulia. Chini, lami ilikuwa nyeusi, na nyuma yetu mstari wa oili ulikuwa umetufuata. Moshi ulikuwa unatoka kwenye ekzosi.

Nikampigia kaka. "Tumekwama mlimani, kona ya saba. Njoo na gari la kuvuta." Nikakata. Sikuongeza neno kwa aibu.

Tulikaa ukingoni mwa barabara karibu saa nzima. Nilimweleza Daktari habari ya raba mbili. Alisikiliza kama daktari, bila kunikatiza.

"Nani alifungua filta?" akauliza.

Ningesema ni kaka, ningekuwa nimempa jibu la kweli, na gereji ingekwisha, maana nusu ya wateja wetu ni marafiki wa Daktari. Angekula nini?

"Mimi," nikasema.

Daktari akatikisa kichwa polepole. "Pole, Fundi. Lakini mimi naenda kona hizi kwa kasi. Siwezi kukaa juu ya kazi ya mtu aliyesahau kitu kama hicho."

Nikasema nimeelewa. Sikulia, nilitazama tu viatu vyangu vilivyolowa oili. Nilikuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

Kaka akafika. Alishuka, akanijia mimi kwanza, akanishika mabega, akanitazama juu mpaka chini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hujaumia? Hujaumia popote?" Nikamwambia sijaumia. Akashusha pumzi ndefu, kisha akamgeukia Daktari. "Nilimwambia huyu mtoto bado hajaiva. Hana ubaya, ni haraka tu. Tutalitengeneza hapahapa, usijali." Akaanza kushusha vitu: jeki, galoni ya oili, raba mpya ya sahani, na soketi kubwa.

Nikaitazama ile soketi.

"Kaka," nikasema, "nilikwambia nini kwenye simu?"

"Ulisema mmekwama."

"Nilisema tumekwamishwa na nini?"

Akabaki na galoni mkononi.

"Tairi linapasuka. Betri inakufa. Hozi yangu yoyote kati ya mbili ingeweza kuchomoka. Hiyo soketi inafungua bolti moja tu kwenye gari zima. Nani alikwambia ni pale?"

Magari mawili yalipita. Daktari alikuwa amesimama wima, anamtazama. Kaka akaiweka galoni chini, akajaribu kujifuta mikono iliyokuwa safi.

"Raba niliiacha kusudi, nilidhani itavuja uani," akasema. "Nilidhani itavuja pale pale, Daktari aone, aseme mwaka huu haiwezekani. Nilimwambia akanyage. Akakanyaga, ikakataa kuvuja. Nikataka nipande mimi, ukanikatalia."

"Ungesema!"

"Mbele yake?"

"Ndiyo, mbele yake! Mimi niko ndani ya gari, kaka! Mimi!"

"Ningebaki na nani?" akasema. Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kumsikia nayo. "Niambie. Ningebaki na nani?"

Nilimchukia pale, na hapohapo nikamhurumia, na huruma ndiyo iliyoniuma zaidi. Nikachukua jeki, nikainua gari, nikalala kwenye lami. Injini ilikuwa bado na joto, nikajiunguza kiganja, nikatukana. Bolti ikatoka, sahani ikatoka, nikapitisha kidole nikaikuta raba ya zamani. Nikaivua. Nikasafisha pale juu mara tatu, nikaangalia kwa tochi mpaka macho yakanitoka machozi, ya tochi na mengine. Nikafunga upya, nikajaza oili, tukawasha. Daktari akakanyaga mara kumi. Pakavu.

Akazima, akaniita pembeni.

"Nilichosema mwanzo nakifuta," akasema. "Nafasi ipo. Lakini panda sasa hivi, hadi Jumamosi utakaa na timu, nguo tutanunua huko mbele. Ukirudi pale leo hutatoka, na wewe unajua."

Nilijua. Nikamwendea kaka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari la kuvuta.

"Ungeniomba nibaki, ningebaki," nikamwambia. "Ungeniomba tu, kaka. Hata bila sababu."

Akainua uso. "Basi nakuomba."

Loo! Miaka ishirini na tano pamoja, leta hiki, shika kile, kaa hapo, na hilo neno nilikuwa sijalisikia mdomoni mwake hata kwa maji ya kunywa. Na nilikuwa nimeshasema kwamba ningebaki. Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, alikuwa ananishika na maneno yangu. Nilikaribia kukaa pale kwenye ngazi pembeni yake.

Lakini kutoka gerejini mpaka ile kona ni kilomita kumi na moja, na zote nilikuwa nimekaa juu ya ile raba, nimefungwa mikanda minne, na yeye alikuwa anajua.

"Umechelewa," nikasema.

Nikaingia kwenye gari la Daktari. Nilihangaika na mikanda, kiganja nilichokiunguza kinauma, na ule mlango ulikuwa mzito, nikauvuta mara mbili ukanishinda. Kaka akaja. Akainama, akanifunga mikanda mmoja baada ya mwingine, akaikaza, akahakikisha hakuna uliobaki nje. Kisha akausukuma mlango mwenyewe, taratibu, mpaka ukafunga, na Daktari akawasha gari.