Marudio Ameahidi Kunyamaza

Farasi, kwa maoni ya Marudio, ndiye mwanamichezo pekee mwenye adabu aliyebaki duniani. Hajiangushi ovyo. Hamfuati refa kumlalamikia. Akishinda havui jezi akakimbilia kona kuwaonyesha watu kifua. Na bado, jamani, mbio zikiisha kombe anapewa nani? Anapewa yule mtu mdogo aliyekaa mgongoni!

"Amebebwa!" alikuwa anamwambia mama mmoja aliyefuata friji yake. "Amebebwa mwanzo mpaka mwisho, halafu anapewa kombe. Wewe ukipanda basi ukafika salama, unapewa kombe?"

"Fundi, friji yangu bado inavuja."

"Tena anampiga fimbo. Farasi anaongoza, yeye anampiga fimbo! Hivi mtu akiwa wa kwanza unamchapa ili awe wa ngapi?"

"Maji yamejaa jikoni kwangu, fundi."

Ndiyo hali ya karakana ile kila siku iendayo kwa Mungu. Friji zimepangwa ukutani milango wazi, nyaya zimening'inia, kompresa moja inanguruma pembeni ikijaribiwa, na juu ya friji mbovu ambayo mwenyewe alishaikatia tamaa imekaa televisheni. Fundi alikuwa mzuri, hilo hakuna aliyebisha. Lakini ukimpelekea friji ujue umempelekea na masikio yako. Majirani walimbandika jina la Marudio kwa sababu goli likifungwa haliamini mpaka lionyeshwe tena, na likionyeshwa tena haliamini vilevile.

Mpira ulikuwa umemchosha kabisa. Kipa anampa beki, beki anamrudishia kipa, kipa anampa beki mwingine, dakika zinakwenda. "Wanaogopa nini kule mbele?" alikuwa akiiuliza televisheni, bisibisi mkononi. "Kuna mbwa?" Na mchezaji akiguswa bega anashika goti, anagaagaa kama anajifungua, machela ikifika anainuka na kukimbia kuliko walioileta. Marudio alikuwa anaona aibu kwa niaba ya mama zao.

Lakini povu lenyewe lilimtoka kwenye ngumi. Watu wawili wanavunjana pua kwa jasho lao, halafu watu watatu waliokaa kwenye viti, wameshiba, hawana hata mkwaruzo, ndio wanaamua nani kashinda! Wezi. Hajawahi kuona pambano lililohukumiwa kwa haki. Bondia wake akishindwa, ameibiwa. Akishinda, basi alistahili kushinda kwa tofauti kubwa zaidi, kwa hiyo ameibiwa pia.

Sasa mtu wa namna hii Mungu akampa mtoto bondia. Alikuwa na wana wawili wakubwa, wote wameoa na kuhama, na wote hawataki hata kusikia neno michezo, na ukiwauliza kwa nini wanakuangalia tu. Akabaki kitindamimba wake wa kike, ambaye nyumbani walimwita Kitinda. Tangu akiwa na miaka kumi alimsaidia baba yake karakana, na alipokua akaanza kwenda jioni kwenye klabu ya ngumi nyuma ya gereji ya mabasi. Wakadhani ni mchezo tu. Miaka ikapita, akawapiga wote wa uzito wake, akabaki mmoja. Jumamosi wangekutana yeye na huyo mmoja, na mshindi angeingia timu ya taifa. Nafasi ni moja, na anayeshindwa anarudi nyumbani.

Jumatano, wakiwa mezani, Kitinda aliweka kijiko chini.

"Baba, nina ombi. Jumamosi usije."

Marudio akacheka, akidhani anataniwa. Akamgeukia mkewe wacheke wote. Mkewe, muuguzi wa wodi ya watoto, alikuwa amesimama anapiga pasi sare yake, na hakucheka.

"Nisije? Mimi si baba yako?"

"Ndiyo maana nakuomba."

"Ala! Nani kakufundisha ngumi wewe?"

"Kocha."

Jibu lile lilimchoma mpaka ndani. Miaka yote aliyokaa anaeleza, anachambua, anapiga meza, kumbe mtoto alikuwa anapita tu akienda kwa kocha!

"Sauti yako naijua mno, baba," Kitinda akasema, taratibu, maana hakutaka kumuumiza. "Nikiisikia siwezi kufanya kitu kingine."

"Mwache aje," mkewe akasema, bila kuinua macho kwenye pasi. "Asipokuja ataumwa, na wa kumuuguza ni mimi. Ila nikwambie, Baba Kitinda. Utakaa viti vya nyuma. Utapiga makofi wenzako wakipiga. Ukifungua huo mdomo, mimi na wewe tutaonana wabaya. Ningekuwepo ningekuziba mwenyewe, bahati yako nina zamu."

"Kwani nyinyi mnanionaje? Kwamba siwezi kunyamaza?"

Pasi ikaendelea kupita juu ya kola.

"Haya, naahidi," Marudio akasema. "Naahidi mbele ya mashahidi." Na alikuwa anasema kweli, masikini. Timu zote alizowahi kuzililia, farasi wote na mabondia wote, angewakusanya akawatupa shimoni ili Kitinda ashinde Jumamosi.

Ukumbi ulikuwa wa shule, viti vya plastiki, na ulingo ambao kamba zake zilikuwa zimelegea. Marudio aliziona tangu mlangoni. Hakusema kitu. Alinunua pipi za mnanaa, akatia mbili mdomoni, akaenda kukaa nyuma kabisa. Kiti cha pembeni kilikuwa na jamaa amekumbatia mwavuli, na jua linawaka.

"Huyu wa bluu anashinda," jamaa akaanza hata kabla ya salamu. "Ana shingo nene. Ngumi ni shingo."

Marudio akatafuna pipi.

"Huyu mwekundu miguu yake mirefu. Bondia wa miguu mirefu anachelewa kufikiri, damu ina safari."

Mungu wangu! Damu ina safari! Marudio akashika kiti kwa mikono miwili. Kulikuwa na majibu saba tayari kwenye ulimi, yote mazuri, na yule mwekundu alikuwa Kitinda. Akaongeza pipi ya tatu.

Kengele ikalia, na Marudio akasahau jamaa, mwavuli na shingo. Hakuwa amewahi kumwona mwanawe akipigana kwa kweli, maana mapambano yake yote Kitinda alimwambia yakishaisha. Alimjua Kitinda wa kubeba kompresa begani, wa kupekua sanduku la spana, wa kumwambia baba shika vizuri hapo. Huyu wa juu pale alikuwa mtu mwingine. Anasogea kabla ngumi haijatumwa. Anagusa, anatoka, anagusa tena, wa bluu anapiga hewa. Wala hakuwa na haraka. Marudio alitafuta kosa, kwa mazoea tu, akalikosa. Macho yakamjaa maji, akasingizia mnanaa.

Raundi ya pili ikawa hivyohivyo, na nzuri zaidi. Watu wakaanza kulitaja jina la klabu yake. Kwenye kona kocha alikuwa anampa maji na kutikisa kichwa kwa furaha, hana hata la kumwambia.

"Wewe mkimya sana," mwenye mwavuli akamwambia Marudio. "Au ngumi huzijui? Uliza tu, nitakueleza."

Sijui binadamu gani mwingine angevumilia hapo. Marudio alivumilia. Ilikuwa imebaki raundi moja, na mtoto anaongoza, kipofu angeona.

Raundi ya tatu wa bluu akaingia kama amefunguliwa mlango. Alijua ameshapotea, kwa hiyo akaja mzimamzima, anarusha kulia, kushoto, kulia. Ukumbi ukasimama. Kitinda akarudi nyuma hatua, mikono juu usoni, akapinda, akarudi tena, mgongo ukakaribia kamba. Ndiyo ilikuwa hesabu yake, amchoshe. Kocha alijua na alikaa ametulia. Marudio naye angejua kama angekuwa mbele ya televisheni na aliye ulingoni ni mtoto wa mtu mwingine. Lakini yule alikuwa wake, na kile kitu kilichokuwa kimefungiwa tangu Jumatano kikampanda kifuani, kikapita pipi zote, kikatoka.

"Kitinda!"

Neno moja tu. Hakuwahi kuongeza la pili.

Karakana ina sheria yake. Fundi akiingiza mkono kwenye nyaya za friji, msaidizi anasimama kwenye swichi kubwa ya ukutani. Fundi akimwita, msaidizi haulizi, hamalizi anachofanya. Anaitika, anageuka kumtazama, mkono unakwenda kwenye swichi, kwa sababu huenda fundi amenaswa na umeme na hana pumzi ya kuita mara ya pili. Sheria hiyo Marudio aliiweka mwenyewe. Mara mbili Kitinda alishamwokoa hivyo, mara ya kwanza akiwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Kwa miaka tisa hajachelewa kuitika hata siku moja.

Na siku ile hakuchelewa.

"Abee, baba!" akaitika, mdomo umejaa kinga ya meno, akageuza uso mzima kuangalia viti vya nyuma, na mkono wake wa kulia ukaenda pembeni, hewani, unatafuta ukuta.

Ngumi ikamkuta anatafuta. Alianguka kwa ubavu, akabaki anashangaa taa. Refa akaanza kuhesabu. Kitinda akainuka kabla hesabu haijaisha, akamalizia raundi kwa miguu isiyo yake, akipokea nyingine, na nyingine, mpaka kengele.

Majaji wawili walimpa wa bluu. Mmoja alimpa Kitinda.

Ukumbi ukalipuka. Viti vikapigwa chini, watu wakapiga miluzi, na mwenye mwavuli, aliyekuwa upande wa bluu tangu asubuhi, akapanda juu ya kiti chake.

"Wezi! Raundi mbili zote za mtoto wa watu, wameziiba! Simama, ndugu yangu, tuwazomee! Huoni uchungu wewe?"

Marudio hakusimama. Maneno yote yale alikuwa ameyasema maisha yake yote, na leo ukumbi mzima unayasema kwa ajili ya mwanawe, na yeye alitamani wote wanyamaze. Alikaa akiangalia viatu vyake mpaka watu walipoanza kutoka.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Kitinda amebana mfuko wa barafu kwenye jicho. Marudio alisubiri atukanwe. Walipita kituo cha mafuta, wakapita duka la dawa, hakuna kitu.

"Nitukane basi," akamwambia. "Sema chochote."

"Nimechoka, baba." Wakatembea kidogo. "Mama akiuliza, sema ni majaji. Umesikia? Majaji."

"Kitinda..."

"Mama akijua hatakusamehe. Na mimi sitaki kuishi kwenye nyumba mliyonuniana. Ni majaji, basi."

Mkewe alifika na sare yake, mkoba ungali begani. Hakuuliza matokeo kwanza. Alimshika Kitinda kidevu, akamgeuzia kwenye taa, akabonyeza mfupa wa shavu kwa vidole viwili, akaridhika kwamba haukuvunjika. Ndipo akakaa mezani, na uso ukamshuka.

"Umeshindwa, mwanangu."

"Wameniibia, mama. Majaji. Mchana kweupe. Ukumbi mzima umezomea."

"Pole, mama yangu. Pole sana." Akamshika mkono, akaushikilia. Kisha akamgeukia mumewe, akavua kiatu kimoja, akajiweka sawa kitini, kama mtu anayejua kwamba yanayokuja ni marefu. Akasubiri. Marudio alikuwa anaangalia kitambaa cha meza.

"Na wewe vipi?" akauliza. "Mtoto wako ameibiwa na majaji, umekaa kama umemwagiwa maji. Leo si ndiyo siku yako? Haya, nakuruhusu. Watukane."

Chini ya meza Kitinda akamkanyaga baba yake mguu.

"Majaji walikuwa sawa," Marudio akasema.

"Baba!"

"Walihukumu sawa. Alikuwa anaongoza vizuri kabisa, mama, ungemwona. Hata mimi sikuwa na la kusema. Halafu nikamwita."

Mkewe akabaki na kiatu mkononi. "Ukafanya nini?"

"Nikamwita jina. Akaitika. Akageuka."

Kitinda aliinamisha kichwa, na sasa ndipo machozi yalipomtoka, ya tangu ukumbini. Mama yake hakupiga kelele. Marudio alikuwa amejiandaa kwa kelele, na angezipokea zote kwa shukrani.

"Ulimwita umwambie nini?" mkewe akauliza.

"Ainue mikono."

"Na mikono yake ilikuwa wapi?"

Marudio akainua yake kumwonyesha, akaitazama pale mbele ya uso.

"Ilikuwa juu," akasema.