Chafya ya Jabali la Ndau

Likizo ya Agosti, mwaka wa hamsini na sita, Twahir alirudi kisiwani Ndau kutoka shule ya bweni akiwa na sanduku la bati, Kizungu cha kutosha kuudhi watu, na azimio zito la kusafisha jina la bibi yake.

Bibi huyo, Bi Mwanamkisi, aliona jabali la ajabu utotoni, alipofuata mbuzi waliopotea hadi ufuo wa nje, unaotazama bahari kuu. Linapiga chafya, alisema, kama mtu mwenye mafua. Hakuna aliyemwamini wala aliyekwenda kutazama. Mashua hufungwa upande wa ndani, na kule nje kulikuwa na miiba, upepo na sifa mbaya ya kukaliwa na majini. Kwa miaka hamsini, kila Bi Mwanamkisi alipotoa habari, hata ya kwamba wali umeiva, binamu yake Bwana Gharib, mshonaji kofia, aliuliza: “Ni kweli, au ni kweli ya jabali?”

“Nenda nao mwezi kumi na tano, maji yakijaa,” bibi alimwagiza Twahir, kisha akavuka kwenda Mbwajumali kwenye matanga.

Twahir, msomi, alifungua kalenda ya shule. Tarehe kumi na tano Agosti aliongoza wanaume tisa hadi ufuoni. Jabali lilikaa kimya kama mwanafunzi aliyeulizwa hesabu. Bwana Gharib alilisogelea, akaliinamia kwa heshima.

“Hujambo, Bwana Jabali? Mafua yamepona?”

Walicheka njia nzima.

Bi Mwanamkisi aliporudi, hata watoto walikuwa wakipiga chafya za uongo akipita.

“Yeo mwezi ngapi, Twahir?”

Twahir alihesabu kwa vidole tangu mwezi uandame. “Tisa, Bibi.”

“Kwa hiyo jana ulikuwa mwezi nane, maji mafu, hata kaa hawalowi! Kalenda ya shule ndiyo inayovuta maji? Umenizika ningali hai.”

Ikabidi Twahir akambembeleze Bwana Gharib, naye akakubali kwa sharti moja: jabali likinyamaza tena, Bi Mwanamkisi atasimama mbele ya watu aseme alidanganya.

“Nakubali,” alisema bibi. “Na safari hii nakuja mwenyewe.”

Mwezi kumi na tano, baada ya sala ya alasiri, walitoka, Twahir na bibi yake na wanaume walewale tisa. Bibi alitangulia, leso kaifunga kiunoni. Walipita mitaro ya kasa aliyepanda kutaga, mipana kama njia ya lori, jambo ambalo Twahir peke yake, aliyewahi kuona lori, angeweza kulithibitisha. Kaa wekundu walitawanyika mbele yao kwa maelfu. Bwana Gharib alivaa kofia mpya aliyoishona miezi mitatu, ili ushindi umkute amependeza.

Maji yalikuwa yamepanda hadi kifuani mwa jabali. Wimbi likaja, likaondoka. Kimya. La pili, kimya.

“Binamu,” Bwana Gharib alianza kwa upole wa kuchukiza, “hakuna aibu katika kutubu…”

Wimbi la tatu liliingia chini ya jabali. Jabali likavuta pumzi, Wallahi likavuta, kisha: HAAA-CHIAA! Nguzo ya maji ikaruka juu kuliko mnazi.

“Yarhamukallah!” alisema Bwana Gharib, kama kila mtu aliyelelewa vizuri asikiapo chafya.

Kisha akaziba mdomo, amechelewa. Maji yakamshukia. Kofia ikaelekea Uhindini.

Bi Mwanamkisi alimgeukia, maji yakimchuruzika puani.

“Umemwombea rehema nani, Gharib?”

Wanaume wanane walikuwa wamekaa mchangani kwa kucheka. Bwana Gharib alitazama jabali, akatazama watu, akajipangusa uso.

“Jabali, Bi Mwanamkisi,” alisema. “Limepiga chafya.”

“Sema tena, sisikii, upepo ni mkali.”

“LIMEPIGA CHAFYA!”

Bibi akakaa juu ya mwamba, akakunja miguu. Hakutaka kuondoka. Kila jabali lilipopiga chafya alinyoosha kidole, na wanaume tisa, kwa sauti moja, wakaitikia: “Yarhamukallah!”