Chokaa ya Kobe

Hezron alipokuja kumchukua binti yake Scola, alikubali kubeba kila kitu cha mtoto isipokuwa kobe. Basi la Dodoma halipakii makobe, alisema, na hapakuwa na wa kumbishia, maana baba ni baba hata akichelewa miaka minane. Bibi Romana, aliyemlea Scola tangu siku mama yake mtoto alipozikwa, alilifunga sanduku la mjukuu kwa kamba, akawasindikiza hadi stendi ya Mpanda, akarudi kijijini Kasokola na kuikuta nyumba imekuwa kubwa.

Aliachiwa huyo kobe, mchanga bado, hajazidi kisosi cha chai.

Hezron alikuwa mtu wa utaratibu. Simu kwake haikuwa ya porojo. Mtoto angepewa pale tu penye jambo la maana. Wiki ya kwanza hapakuwa na jambo. Ya pili hivyo hivyo. Romana alikuwa akienda na kisimu chake cha tochi hadi shambani, kimefungwa kwenye pindo la khanga, nacho kimenuna tu.

Wiki ya tatu aligundua gamba la kobe limelainika, ukilibonyeza, linabonyea. Hakuona haya, alimpigia Hezron mwenyewe, akamwambia kobe wa mtoto anaumwa. Hezron aliguna, kisha ikaja ile sauti ambayo Romana alikuwa akiitamani mpaka kifua kinauma.

Scola aliuliza kobe anakula nini. Romana akajibu kwa majivuno kwamba anakula wali. Kwao Romana, Mpimbwe, mtu akikupenda hukupa wali, na kobe alikuwa akipewa mara mbili kwa siku, Jumapili na mchuzi juu. Kesho yake mtoto alipiga na majibu ya mwalimu wake wa sayansi: kobe mchanga asipewe wali wala ugali, apewe majani ya aina aina, aote jua, na apate chokaa, la sivyo gamba halitakomaa.

Chokaa Romana alikuwa nayo. Ilibaki ndooni tangu alipopaka nyumba kwa ajili ya Pasaka. Alikuwa anainyunyiza juu ya matembele wakati jirani yake Kashinje, Msukuma mwenye ng'ombe wake, alipopita kuazima jembe. Kashinje aliweka fimbo chini, akamnyang'anya sahani.

"Nyie Wapimbwe, mama, mnataka kumpaka rangi huyu mpaka ndani?" alisema. "Hiyo ya ukutani itamchoma utumbo. Chokaa ya kula iko kwenye maganda ya mayai."

Akamwonyesha jinsi ya kuyachemsha maganda, kuyaanika na kuyatwanga mpaka yawe unga, kisha kuunyunyiza kidogo tu. Romana alicheka hadi akakaa chini. Halafu akafikiri angempigia nani simu kama kobe angekufa, na kicheko kikakatika.

Tangu hapo kobe alikula kama askofu: nyasi changa, majani ya mchunga, matembele, ua la mboga, na kipande cha boga mara mojamoja. Asubuhi anatolewa juani, maji yake kwenye kifuniko cha ndoo. Na kila jioni Scola alipiga kuuliza hali ya mgonjwa, na nyuma ya mgonjwa zikafuata habari nyingine. Jino limeng'oka. Mama wa kambo anasuka vizuri lakini hajui hadithi. Dodoma upepo una vumbi. Zilikuwa dakika tano tu, na Romana aliishi katika hizo tano; saa zilizobaki alikuwa anasubiri.

Kufikia mwezi wa nane gamba lilikuwa gumu. Basi hapo ndipo mtu mzima, na rozari yake shingoni, alipoanza kusema uongo. Bado bado, alimwambia mtoto. Kesho yake akasema leo amekula kidogo. Alipokwenda kuungama kwa padri alizikumbuka dhambi zote isipokuwa hiyo.

Jioni moja Hezron alianza kuongea yeye. Alisema kwa upole kwamba mtoto siku hizi hata chakula anakisukuma, ukimuuliza anasema anamuwaza kobe. Kisha akampa Scola simu.

Romana alijisikia mchawi. Alikuwa anamkondesha mtoto wa Angela, binti yake aliyemzika, kwa sababu tu ya hamu ya kumsikia.

"Scola, mama, nisamehe," alisema. "Kobe alishapona. Mzima kabisa, tangu mwezi wa nane. Nilikuwa nakudanganya ili upige."

Upande wa pili zikasikika ndala zikitembea, mlango ukafungwa.

"Najua, bibi," Scola alinong'ona. "Anakula maganda ya mayai miezi yote hiyo, atakosaje kupona? Usimwambie baba. Akijua amepona hatanipa simu."

Machozi yalikuwa yanamtoka Romana na hakuyafuta.

Mlango ulifunguliwa tena huko Dodoma, kikohozi cha Hezron kikasikika karibu, na mtoto akapaza sauti kuuliza mgonjwa ameshindaje leo. Kobe alikuwa miguuni pa Romana, anatafuna jani la tatu la mchunga bila kupumzika.

"Hali si nzuri, mama," Romana alisema, kwa sauti ya kumfikia hata baba mtu. "Itabidi upige na kesho."