Namba Tatu ya Malaba

Phanuel Makokha hakuwa na tai, hakuwa na ndugu forodhani, hakuwa na breki ya mkono ya kutegemewa, na hakuwa na Namba Tatu. Yale ya kwanza alikuwa ameyazoea. Hilo la mwisho ndilo lililomkwamisha Malaba msimu wa mvua wa 1974, lori limejaa magunia ya kiwanda cha kioo ng'ambo ya mpaka.

Karani wa ghala Mombasa, mwenye mwandiko wa haraka, alikuwa ameandika kwenye hati ya mzigo: Chumvi Na No 3. Bwana Emukule wa forodha akaisoma kama ambavyo yeyote pale angeisoma.

"Chumvi naiona, dereva. Namba Tatu iko wapi?"

Phanuel akasema hajui, na dereva asiyejua mzigo wake huonekana ameuuza. Kufikia mchana matanboi wote, wasaidizi wa madereva, walikuwa na hakika kwamba Namba Tatu ilishushwa Bungoma, ila hawakukubaliana kama ilikuwa redio au mabati. Emukule akapiga simu Mombasa. Tajiri wa malori, ambaye naye hakujua lori lake limebeba nini, akasema Namba Tatu isipoonekana atatafuta dereva mwingine, na Phanuel arudi kwao Funyula akalime muhogo.

Kesho yake alifika Mwalimu Rosebella, aliyefundisha kemia sekondari ya jirani, kuchukua chupa zake za maabara pale forodhani. Phanuel akamwomba aisome ile hati. Mwalimu alicheka mpaka akashika meza.

"Hii si 'na', Bwana Emukule. Ni Na, sodiamu. N ni nitrojeni, O ni oksijeni, na hiyo tatu ni hesabu ya oksijeni. Jina lake sodiamu nitrati."

"Sasa hizo oksijeni tatu ziko kwa gunia gani?"

"Ziko kwa kila punje, mzee."

Akaeleza kwamba ni chumvi, lakini si ya mboga. Huvuta unyevu hewani, ndiyo maana magunia yalilowa ilhali turubai ni zima. Tena huupa moto pumzi. Akanyunyiza kidogo kwenye jiko la Auma, mama wa chai. Makaa yakachachatika na kuwaka manjano. Auma akanyakua sufuria yake, akawaambia wakapikie huko shuleni.

Emukule akagonga muhuri. Lakini mvua ilikuwa imekata simu, na Mombasa tajiri alikuwa akitafuta dereva. Mwalimu akajitolea kumwandikia tajiri barua. Phanuel akakataa, kazi ni yake, ataitetea kwa mkono wake.

Akaandika kwamba hakuuza kitu, magunia yote yapo, na karani aandike jina zima. Alipofika kwenye fomula akasita.

"Tatu naweka wapi, Mwalimu?"

"Chini kidogo, na iwe ndogo."

Emukule, aliyekuwa akichungulia begani, akaomba jina lake lisitajwe. Likawa "ofisa mmoja". Phanuel akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja juu ya boneti, akampa Titus, dereva mwenzake, aliyekuwa ameshawasha injini kurudi Mombasa.