Mishono ya Mlango wa Dereva

Siku ya nne baada ya kumzika mume wangu, mdogo wake aliingia sebuleni bila kuvua viatu, akachukua funguo za lori kwenye msumari ukutani.

"Shemeji, maziwa hayangoji msiba," alisema. "Nitaishika kazi hii mpaka utakapotulia."

Nilitulia. Miaka sita nimetulia, na funguo hazikurudi. Alikwenda kiwandani akamwambia meneja kwamba mjane amejitoa mwenyewe. Njia ya maziwa, kutoka kituo cha kilimani hadi kiwanda cha mjini, ambayo mume wangu aliianza kwa baiskeli na madebe mawili, ikawa ya shemeji. Mimi akanipa kona kwenye karakana yake nishone viti vya magari. Kila mgeni alimwonyesha mgongo wangu: "Namsitiri huyu." Akanibandika na jina, Bibi Sindano.

Ule msumari sikuung'oa. Kila asubuhi niliupangusa vumbi.

Shule niliishia la saba. Nasoma polepole, kwa kidole, lakini nikishasoma kitu kimeingia. Na fundi wa viti hukaa ndani ya gari kwa utulivu kuliko mwenye gari. Anaona skrubu iliyolegea, anaona sarafu chini ya zulia, anaona na maandishi ambayo wengine hawana haja nayo.

Mwaka jana shemeji aliuza lori, akaleta gari jipya la mizigo. La umeme, ila ndani lina injini ndogo ya petroli. Injini hiyo haizungushi magurudumu hata kidogo; kazi yake ni kuzalisha umeme betri inapokaribia kuisha, gari liendelee na safari. Wakati huohuo binti yangu, fundi umeme, alikuwa na gari la umeme mtupu, kuukuu, analobebea mboga. Shemeji hakumpa nafasi ya kupumua.

"Gari lako ni mtu wa mguu mmoja, mwanangu. Langu lina miguu miwili. Mmoja ukichoka, mwingine unabeba."

"Mguu usiotembezwa hufa ganzi, baba mdogo," binti alimjibu.

"Ah! Nimeweka petroli tangi zima siku niliyolinunua, mpaka leo sijaigusa. Natembelea umeme tu. Wewe ukikwama utalichomeka kwenye mti?"

Karakana nzima ikacheka. Mimi niliuma uzi, nikaendelea kushona.

Kazi aliyonipa ilikuwa kuvalisha viti na milango ngozi ya rangi ya kahawia. Kwenye mlango wa dereva, upande wa ndani, nikakuta bandiko la njano lenye Kiswahili safi. Nikaliwekea kidole: *Petroli isikae tangini zaidi ya miezi sita. Washa injini angalau mara moja kwa mwezi, hata kama huihitaji.*

Nikamwita. "Shemeji, kuna maandishi hapa. Nisiyafunike?"

Hakusogea hata hatua. "Wewe shona. Kusoma niachie mimi."

Nikashona. Mishono midogomidogo, uzi mara mbili, pembe nikazikunja vizuri. Sijawahi kushona vizuri namna ile. Kisha nikaanza kuhesabu miezi kama mtu anayengoja mtoto azaliwe. Taa ya njano ilipowaka mbele ya usukani kumkumbusha awashe injini, aliibonyeza ikazimika. "Taa za magari haya zina umbea," alisema. Mwezi wa sita ukapita. Wa kumi ukapita. Wa kumi na nne.

Binti yangu nilimweleza. Akashtuka. "Mama, umemwambia lakini?"

"Nilimwambia mara moja. Mara ya pili huambiwa mtu anayependwa."

Mkataba wa maziwa ulipokaribia kuisha, binti aliandika barua kuiomba njia ya baba yake. Meneja wa kiwanda, mtu wa maneno machache, akawaita wote wawili, nami nikamsindikiza binti. Jumatatu magari yote mawili yapande kilimani, yabebe madebe sawa, yarudi kabla ya saa sita mchana maziwa yakiwa ya baridi. Litakaloshindwa lisilalamike. Mwenyewe angepanda gari la shemeji.

"Lina viti vizuri," alisema. Nikainamisha uso nisionekane nikitabasamu.

Binti alilijaza gari lake mpaka asilimia mia, nami nikapanda pembeni yake. Shemeji alitoka na nusu. "Kulijaza la nini, na mimi nina jenereta tumboni?"

Kilima kile ni kirefu, kina kona kumi na moja. Tulifika juu tukiwa na asilimia thelathini na moja, mikono ya binti imelowa jasho. Kituo kina tangi la kupozea maziwa, kwa hiyo umeme upo. Akachomeka gari mara moja. Kupima na kupakia kulichukua saa moja na nusu, na muda wote huo gari likala. Shemeji, ambaye lake hakulichomeka, alimaliza kupakia kwanza. Alipotupita akachungulia dirishani.

"Mwacheni mtoto anyonye! Sisi wenye meno tunakwenda."

Meneja akacheka pembeni yake. Binti akanitazama. Nilikuwa nimeshika mfuko wangu wa kazi mapajani, nikamwambia, "Subiri dakika ishirini zaidi. Haraka wanayo wao."

Tukawakuta kwenye mwinuko unaokuja baada ya daraja, kabla barabara haijaanza kuteremka moja kwa moja. Gari limeegeshwa upande, boneti wazi, jua limeanza kuchoma. Betri ilikuwa imekwisha. Injini, meneja alitueleza, iliwaka, ikakohoa mara tatu, ikatoa moshi wenye harufu kama ya rangi ya kuta, ikanyamaza. Shemeji alikuwa na jasho mpaka kwenye mkanda.

"Nimeuziwa kitu kibovu!" alimfokea meneja, kana kwamba meneja ndiye aliyemuuzia. "Magari haya ni ulaghai mtupu!"

Hapo ndipo nilipoteremka. Goti langu la kushoto ni baya, sikukimbia. Nikafungua mlango wake wa dereva, nikatoa kisu kidogo cha kufumulia mishono.

"Shemeji, unafanya nini? Unaniharibia ngozi!"

"Wewe endesha," nikamwambia. "Kusoma niachie mimi."

Nilifumua mshono mmoja mmoja. Ningeweza kuichana ile ngozi kwa mkono mmoja, lakini miaka sita nilikuwa nimengoja, dakika tano zingeniua? Meneja alisogea. Wakulima wawili waliokuwa wakipita wakasimama. Ngozi ikaanguka, bandiko la njano likatazama jua. Nikaweka kidole, nikasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama nilivyofundishwa.

Meneja akamgeukia. "Petroli hii ina muda gani?"

Shemeji akafunga boneti.

"Miezi kumi na minne," nikajibu kwa niaba yake. "Gari si bovu, bwana meneja. Mtu wa safari ndefu, pasipo na umeme njiani, akilitunza litamfaa kuliko hili letu. Lakini kwa njia hii, yenye umeme huku na huku, gari la mguu mmoja linatosha, mradi dereva awe anausikiliza."

Shemeji akaniinamia, sauti chini. "Ulijua. Ulijua muda wote."

"Nami nilikuambia. Ulikuwa mbali kidogo, hukutaka kusogea."

Tulihamishia madebe yake kwetu, maana maziwa hayana kosa. Meneja akapanda nasi, akakaa juu ya debe. Mteremko ulirudisha umeme kidogo betrini, tukaingia kiwandani saa tano na dakika arobaini, asilimia tisa imebaki. Jioni binti alitundika funguo zake kwenye ule msumari.

Wiki ya pili shemeji alikuja nyumbani. Alivua viatu mlangoni.

"Shemeji, ule mlango. Hakuna anayeshona kama wewe."

Nikamwambia alilete gari. Nikaushona, ngozi ileile ya kahawia, mishono midogomidogo. Pale penye bandiko nilikata dirisha la kiasi cha kiganja, nikalizungushia uzi mwekundu mara tatu, ili kila atakayepanda gari lake amuulize hiki ni nini, naye amweleze.